Kanuni ya Faili Lililofungwa

Kama kuna mtu aliyependa kusifiwa chini ya jua hili, basi ni yule fundi wa kompyuta wa ofisi ya maji. Kazi aliijua, hatumnyimi haki yake. Lakini ukimwambia neno moja baya halali usingizi, na ukimwambia moja zuri hashikiki.

Mwaka ule virusi viliingia kwenye kompyuta za ofisi kwa njia ya barua pepe, moja ya zile za "hongera, umeshinda zawadi", na aliyeifungua ni meneja mwenyewe, kwa kidole chake. Sasa unadhani alilaumiwa nani? Fundi! Tena kikaoni, mbele ya watu wote. "Wewe hapa kazi yako nini, kupiga miayo?" meneja alimwuliza, na watu wakacheka, maana bosi akitania nani atanuna?

Kwa hasira fundi akajifungia siku tatu kwenye chumba cha seva, kile chumba chenye baridi nyuma ya stoo. Akaweka programu ya kukagua virusi, kila barua inayoingia ipekuliwe kabla ya kumfikia mwenyewe. Iliyo safi inapita. Yenye virusi inafutwa. Yenye faili lililofungwa kwa nenosiri, ambalo programu haiwezi kuona ndani yake, inawekwa kando na mwenyewe anaarifiwa aje kuitazama. Kazi nzuri kabisa, na angeiacha hapo tusingekuwa na la kusimulia.

Lakini watu nao! Kila asubuhi foleni mlangoni kwake. "Kizuizi, nipe faili langu!" Ndilo jina walilompachika, Kizuizi, na mhasibu akafikia hatua ya kumpigia saluti kwenye korido. Meneja naye akasema, "Huo mtambo wako una kelele kuliko kuku anayetaga." Ijumaa moja Kizuizi akachoka. Akaifungua ile kanuni ya mafaili yaliyofungwa, akaondoa "weka kando, arifu", akaandika "futa, usimwarifu yeyote". Si aliyetuma, si aliyetumiwa. Mstari mmoja tu, na kelele zikakoma siku hiyohiyo. Meneja akampa mkono: "Sasa umekuwa fundi." Loo, kichwa kilivyomvimba!

Sasa, kwenye masjala ya ofisi hiyohiyo alikuwapo dada yake. Dada wa tumbo moja, aliyemlea baada ya mama yao kufa, akaacha shule yeye ili mdogo wake asome. Macho yake yalikuwa yanakwisha. La kulia lilishazima, la kushoto lilibaki na rangi na vivuli tu, na mafaili ya masjala aliyatambua kwa kuyapapasa. Jina lake lilikuwa kwenye orodha ya hospitali ya macho ya mji mwingine. Nafasi ya upasuaji ikipatikana wangemwandikia barua pepe, naye ajibu ndani ya siku tatu. Daktari alishamwambia, mwaka huu ukipita, la kushoto nalo basi tena.

"Mdogo wangu, watatuma faili limefungwa, nenosiri ni tarehe yangu ya kuzaliwa," alimwambia wakinywa chai. "Likija unisomee, maandishi siku hizi siyaoni."

"Nimesikia, dada." Wapi! Alikuwa anausoma kwa mara ya nne ujumbe wa pongezi wa meneja kwenye simu. Sikio la kufa halisikii dawa.

Tangu hapo kila siku dada alimwuliza, "Imekuja?" Na yeye, bila hata kuinua uso, "Bado. Ingekuja si ungeiona?" Kumwambia hivyo mtu asiyeona, jamani!

Wiki ya nne dada akapiga simu hospitali. Kisha akaja chumba cha seva, mkono mmoja ukifuata ukuta.

"Wanasema walituma," alisema. "Jumanne ya wiki mbili zilizopita. Eti sikujibu, nafasi amepewa mwingine. Kuanza foleni upya ni miaka miwili. Hebu niangalizie, mlango wa barua si unao wewe?"

Kizuizi akafungua kumbukumbu za seva. Haikuchukua hata dakika. Mtumaji, hospitali ya macho. Mpokeaji, dada yake. Jumanne, saa nne na robo asubuhi, faili lililofungwa, limefutwa. Na pembeni, jina la aliyeiandika kanuni. Dada aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa kioo.

"Huo mstari mwekundu unasema nini?"

Angesema "ni mimi, dada", pengine hospitali wangesikiliza, kosa la mtambo si kosa la mgonjwa. Lilihitajika neno hilo tu, na siku hiyohiyo. Lakini ilimjia sura ya meneja, ikamjia na ile saluti ya mhasibu.

"Matangazo ya biashara hayo," alisema. "Hospitali hawakutuma kitu."

Dada akavuta kiti, akakaa. "Basi ni waongo. Waandikie, mimi nitakutajia maneno."

Akaandika. Dada alitaja polepole, kwa sauti yake ileile ya masjala: kwamba hamkutuma chochote, kwamba msiwasingizie wagonjwa, kwamba ndugu yangu wa tumbo moja ndiye fundi wa seva, ameangalia mwenyewe, na huyu hawezi kunidanganya.

"Umeandika hilo la mwisho?"

"Nimeandika."

"Nisomee."

Akamsomea, neno kwa neno. Dada akaitikia kwa kichwa, akampapasa bega, akamwambia aitume. Akaituma.