Majina Mlangoni mwa Lori la Mzee Alawi

Wako wanaume wanaoweza kulitazama lori kuukuu kama mchumba, na Mwinyijuma wa Bagamoyo alikuwa mmoja wao. Miaka kumi na mmoja aliendesha magari ya watu, akipeleka chumvi na mbata hadi Msata na kurudi na mahindi. Kila aliporudi alimkabidhi mwenye mali gari lake, akaenda kwake kwa miguu.

Basi, Desemba ya mwaka 1953, Mzee Alawi mwenye duka akasema anauza lori lake. Shilingi elfu tatu taslimu. Mwinyijuma alikuwa na mia nane.

Za kujazia zilizopungua, njia zilikuwa mbili. Mwinyimvua, mwenye mashamba, alikuwa tayari kutoa elfu mbili na mia mbili papo hapo, kwa bei ya khiyari: anauziwa minazi sitini ya Zuleha, mke wa Mwinyijuma, aliyoirithi kwa babake. Miaka miwili nazi zote anakula Mwinyimvua. Fedha zikirudi, minazi inarudi. Zisiporudi kufikia siku ya mwisho, ndiyo imekwenda.

Njia ya pili ni Mzee Alawi mwenyewe. Anapokea mia nane, lori linatoka leo, kisha mia mbili kila mwezi kwa miezi kumi na minne. Miezi miwili mfululizo ikipita bila malipo, lori linarudi, na vyote vilivyolipwa ni ujira wa kulitumia.

Mke na mume wakapanga kokoto sakafuni.

"Kwa Alawi tunazidisha mia sita," alisema Mwinyijuma. "Kwa Mwinyimvua tunapoteza nazi za miaka miwili. Nimezikadiria mia saba na ishirini. Alawi ni nafuu."

"Na likirudi kwake?"

"Lirudi kwa nini, Mama Fatu? Mimi na kazi tumegombana lini?"

"Sikukatazi. Hata ukitaka minazi, nitatia dole gumba. Lakini kwanza nikitazame machoni hicho kitu kinachotaka kula urithi wangu."

Walimkuta Alawi karatasi iko mezani, kalamu juu yake. Wakamwamkia, akaitikia marahaba.

"Kesho asubuhi kuna mtu anatoka Saadani na fedha mkononi," alisema. "Leo ni lako. Kesho sijui."

Mwinyijuma akashika kalamu. Nje, fundi Gaspari, aliyeletwa kulikagua lori, alikuwa anakwangua kutu mlangoni kwa bisibisi. Mara akapiga kelele.

"Ebo! Gari hili lina wenyewe!"

Wakatoka. Chini ya rangi ya buluu palikuwa na kijani, na herufi nyeupe: PAZI – VIGWAZA. Gaspari akakwangua zaidi. Chini ya kijani kulikuwa na nyekundu: BWANAUSI – MSATA.

Mwinyijuma, kalamu ingali mkononi, akazifuata herufi kwa kidole. "Bwanausi namjua. Dereva hodari kuliko mimi. Alilirudisha lini?"

"Mwezi wa sita."

"Na Pazi?"

"Mwezi wa tano, mwishoni. Mtu mzuri yule, nilisikitika. Masharti yao ndiyo haya niliyokusomea wewe. Sikuficha neno."

Ni kweli, hakuficha. Aliyejifichia ukweli ni Mwinyijuma. Kila masika barabara ya Msata ilikuwa tope jeusi, magurudumu yanazama, na matajiri wake walimwambia akapumzike nyumbani hadi ikauke. Miaka kumi na mmoja masika kwake ilikuwa mapumziko. Kwa hiyo alipopanga kokoto, miezi yote kumi na minne aliihesabu kama ya kiangazi.

Akairudisha kalamu mezani. "Mwezi wa nne na wa tano silipi. Iongezwe mwishoni."

"Lori langu likalale kwako bure? Na ukiliingiza matopeni ukalivunja?"

Zuleha akaonyesha hendeli iliyochomoza mbele ya injini. "Mzee, bila chuma kile linawaka?"

"Haliwaki."

"Basi masika chuma kikae dukani kwako."

Gaspari akacheka peke yake. Alawi alitazama jua, akatazama karatasi. "Ngojeni nikasali," alisema, akaenda.

Wakangoja. Mwinyijuma akavunja vidole kimoja kimoja.

"Akikataa?"

"Turudi nyumbani, Baba Fatu."

"Kwa Mwinyimvua je?"

"Hata huko masika inanyesha."

"Na lori?"

"Likipita tutalipungia mkono."

Alawi akarudi, miguu bado ina maji ya udhu. Aliketi, akaongeza mstari mmoja chini ya karatasi, akaisukuma mbele.

Aprili na Mei hendeli ilining'inia dukani, kando ya mizani. Kila asubuhi Mwinyijuma alipita kumwamkia Mzee Alawi, macho yakiwa kwenye hendeli. "Haijakimbia," Alawi alimwambia. Siku ya kwanza ya Juni aliibeba begani hadi nyumbani, nusura akimbie.

Malipo ya mwisho yalitoka Juni ya mwaka uliofuata. Mzigo wa kwanza baada ya hapo ulikuwa nazi za minazi sitini, na Zuleha amekaa kiti cha mbele.

"Nauli, mama," Mwinyijuma akanyoosha mkono.

"Niandike mlangoni," Zuleha akajibu.