Hekaluni Tulikomfuata Dada

Mama yangu aliitwa kwa jina langu, kama wanawake wote wa mtaa wetu wa Katandala walivyoitwa kwa majina ya wazaliwa wao wa kwanza. Mama Fulani, njoo; Mama Fulani, habari za asubuhi. Kila alipoitwa hivyo aliitika kwa uso ambao sikuuelewa, nikawa nadhani hanipendi vya kutosha. Watoto ndivyo tulivyo, kila uso tunaouona tunadhani unatuhusu sisi. Kumbe mimi sikuwa wa kwanza.

Kabla yangu alizaliwa msichana kijijini kwa bibi, mama yake baba, upande wa Laela. Alikufa kabla hajapewa jina. Siku hizo, mtoto wa namna hiyo hakuwekewa msiba. Bibi na wanawake wenzake walimfunga kwenye kitambaa wakatoka naye kwa mlango wa nyuma. Bibi aliporudi alimkuta mama ameanza kulia, akamziba mdomo kwa kiganja.

"Usilie, mwanangu. Ukimlilia huyu utafunga tumbo."

Mama akanyamaza. Baada ya mimi kuzaliwa alithubutu kuuliza mtoto alilazwa wapi. Bibi akamjibu kwamba yule hakuwa mtu, alikuwa mpita njia, na mpita njia haulizwi alikolala. Mama hakuuliza tena. Baada yangu hakuzaa mwingine, kwa hiyo mpaka leo sijui kunyamaza kule kulimsaidia nini.

Baba alikuwa akifanya kazi kwenye migodi ya kusini, ng'ambo ya Zambia. Aliporudi moja kwa moja alikuja na redio, blanketi zito, na dini ambayo mtaa mzima haukuwahi kuisikia. Ilikuwa miaka ile soko limefunguliwa. Mitumba ilikuwa inaingia kwa marobota kutoka Tunduma, kila mwenye kibaraza alikuwa na kitu anauza, na jirani yetu, Mkatoliki wa kukata na shoka, akasema hata dini sasa zinakuja za mitumba. Waliposikia kwamba sisi ni Wamormoni, watu waliowahi kuoa wake wengi, wanaume wa kwenye kijiwe walimsimamisha baba kila jioni: "Mzee, bi mdogo yuko wapi?" Baba alicheka nao. Alishawaeleza mara nyingi kwamba mambo hayo yaliachwa zamani, lakini nani anataka kuacha utani mtamu kwa sababu ya ukweli? Tulisali sebuleni kwetu, familia chache, kwenye benchi alizochonga fundi wa mtaani.

Mama alikaa kwenye benchi hizo kwa adabu tu. Mpaka jioni moja, alipokuwa akichambua maharage, baba akasimulia kwamba huko kusini lipo hekalu ambamo familia hufungwa pamoja, na kifo hakiwezi kuifungua. Hata waliokwisha kufa hufungwa, alisema, mtu aliye hai akipiga magoti kwa niaba yao.

Mikono ya mama ikasimama juu ya ungo. "Hata asiye na jina?"

Baba akajibu, "Hata huyo."

Nadhani mama aliokoka hapo hapo, juu ya maharage. Tangu siku ile alilima kama mtu anayefukuzwa. Zamani mahindi yetu yalikuwa ya chama cha ushirika, ukiyapeleka unasubiri malipo; sasa wanunuzi walikuja wenyewe na malori mpaka Laela, nasi tuliuza misimu miwili tukiweka nauli ya kwenda hekaluni, bila kununua hata kanga. Mimi nilinuna. Sikuona kwa nini nivae viatu vilivyotoboka kwa ajili ya mtu ambaye hakuwahi kuvaa kiatu.

Nauli ilipotimia tukapanda basi, na njia nzima, kupita Zambia na kuendelea, baba alitusimulia habari za hekalu lile. Kabla halijajengwa, waumini wa kusini walipaswa kuvuka bahari kwenda kulitafuta lingine, na wengi walizeeka wakingoja. Akatuambia pia, kwa sauti ya chini, kwamba kuna wakati mtu mweusi hakuruhusiwa kufungwa na watu wake ndani ya mahekalu hayo, ngozi yake ilimzuia mlangoni. Damu ilinichemka. Nikasema kama ni hivyo turudi nyumbani. Mama, aliyekuwa ameegemea dirisha, akasema bila kugeuka, "Mlango umefunguliwa. Mimi siendi kuukagua mlango. Namfuata mtoto." Sikuridhika, na hilo sijaridhika nalo mpaka leo.

Tukalikuta. Nilikulia Sumbawanga, kwenye makanisa makubwa ya matofali, sikuwa mshamba wa majengo. Hata hivyo lile lilinikata maneno. Lilikuwa refu, limetulia, na jiji lote linalopiga kelele nje ya ukuta lilikuwa kama limeambiwa nyamaza. Majani yake yalikatwa sawasawa mpaka nikaogopa kuyakanyaga. Mama alipofika kwenye ngazi alipiga magoti, akainamisha kichwa, akapiga makofi polepole, kama tunavyosalimia kwetu unapoingia kwa mkubwa. Mhudumu mmoja, mama wa Kizungu mwenye nywele nyeupe, alidhani ameanguka akaja mbio kumwinua. Baba akaeleza. Yule mama akatutazama, halafu naye akachuchumaa, magoti yakilia, akayajibu makofi kwa makofi yake yasiyojua mdundo. Nilitaka kucheka, macho yakajaa machozi badala yake.

Tulipewa nguo nyeupe tupu. Mama alizishika muda mrefu. "Kwetu nguo hizi mtu huvalishwa," alininong'oneza, "hazivai mwenyewe." Kisha akavaa. Aliyetoka nyuma ya pazia sikumjua. Alikuwa mama yangu bila moshi, bila jembe, bila Katandala, nami nikaona haya kumwita.

Yanayosemwa ndani humo hayasemwi nje, na mimi si mpayukaji. Nitasema nilichokiona tu. Kilikuwa chumba chenye madhabahu ndogo katikati na vioo viwili vikubwa vinavyotazamana, hivi kwamba ukijitazama unajiona na nyuma yako tena wewe, na nyuma tena, mpaka macho yanachoka kabla watu hawajaisha. Kwanza walifungwa baba na mama. Halafu nikaitwa, nikapiga magoti, nikaweka mkono wangu juu ya mikono yao, nikawa mtoto wao.

Kisha mzee aliyeongoza akauliza jina la mtoto aliyekufa. Baba akatafsiri. Mama akasema, "Hakupewa."

Yule mzee akavua miwani. Akasema basi ataitwa binti wa hawa wawili, inatosha, anayemjua anamjua. Akanigeukia, akaniambia nipige magoti tena, safari hii kwa niaba yake.

Magoti yalikuwa yale yale, mto wa kupigia magoti ule ule, lakini mkono wa mama haukuwa ule wa mwanzo. Ulinishika kwa nguvu ambayo sijawahi kushikwa nayo maishani, na nikajua kwa hakika kwamba hakunishika mimi. Kinyongo chote nilichopanda nacho kwenye basi kilitoka mwilini. Niliogopa kupumua nisije nikamfukuza dada. Niliinua macho kwenye kioo nikawaona wasichana wengi wenye uso wangu, na nikaamini, bila kufundishwa na mtu, kwamba mmoja wao si mimi. Nimesali sehemu nyingi tangu hapo. Sijawahi kuogopa vizuri namna ile.

Baba alilia. Mhudumu alilia. Mama hakulia. Midomo yake ilitetemeka kidogo kisha ikafungwa, na nikaona kwamba kile kiganja cha bibi bado kipo mdomoni.

Tuliporudi hakutaka kufika Katandala kwanza. Tulishuka Laela tukatembea mpaka kwa bibi. Bibi alikuwa nje anapepeta ulezi, rozari shingoni. Mama alipiga magoti, akapiga makofi, akasalimia. Halafu akasema, "Mama, nimemchukua mtoto wangu. Sasa naomba unionyeshe pale alipolazwa."

Nilidhani bibi atafoka; alikuwa na ulimi. Aliweka ungo chini, akajifunga kitenge vizuri, akatangulia.

Hakutupeleka bondeni kwenye matope, walikolazwa watoto wa namna ile. Alitupeleka kwenye makaburi ya ukoo, hadi kwenye kaburi la babu. Miguuni pake palikuwa na kituta kidogo kilichozungushiwa mawe, udongo umepaliliwa, hakuna hata jani la nyasi.

"Wenzangu walisema bondeni," bibi alisema. "Nilikwenda nao. Walipoondoka nikarudi kumchukua. Damu ya mume wangu, niiache kwenye tope?"

"Miaka yote hii, mama. Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekuja hapa kulia. Mimi nilitaka uzae."

Bibi akaketi chini, akanyoosha miguu kama wanavyoketi wafiwa, akapigapiga udongo kando yake. Mama akaketi.

"Lia sasa," bibi akasema.

Mama akalia. Sikujua mwili wa mtu mmoja unaweza kubeba sauti ile. Wanawake waliokuwa mashambani walitupa kazi wakaja mbio, majembe mabegani, wakiulizana nani amekufa.

"Mjukuu wangu," bibi akawajibu. "Yule wa kwanza."

Hawakuuliza amekufa lini. Waliweka majembe chini, wakavua kanga za kichwani wakajifunga viunoni, wakaketi nasi.