Jani la Sale

Kila nikipunguza ua wangu wa masale, harufu ya majani mabichi hunirudisha migombani kwa baba, chini ya Mlima Meru. Mwalimu wetu Mwingereza alikuwa akitusomea kitabu cha vituko vya watoto wa Roma ya kale, nasi tulicheka hadi machozi. Siku moja tukacheza vita vya Warumi kwa fimbo za mibuni. Nilimpiga mdogo wangu kichwani, akaanguka, damu ikamtiririka. Akapapasa kwenye ua wa masale, akachuma jani la sale, akaninyooshea. Kwetu, ukinyooshewa sale unasamehe, hata kama umeuliwa mtoto.

"Basi, dada."

"Warumi hawana masale," nikamjibu, nikampiga tena, usoni.

Hadi leo, kila Krismasi huja kunisalimu.

"Shikamoo, dada," husema, akigeuza shingo nzima ili anione kwa jicho lililobaki.