Reli za Mbambakofi

Mvua za mwaka ule wa sitini na moja zilikataa kwisha, na Bakari alikuwa amezichoka kama alivyouchoka msumeno wa mashine katika karakana ya Bwana Yeslam, Likoni. Mgongo ulimuuma kabla ya adhuhuri. Ili kukata miimo ya madirisha, alizilaza mbao juu ya ubao mpana, kisha akausukuma ubao kuelekea kwenye msumeno. Chini ya ubao ule zilipigiliwa fito mbili, wenyewe wakiziita reli, zikiteleza ndani ya mifereji ya meza ya chuma. Reli zikilegea, mkato huenda upogo. Zikibana, mtu husukuma kwa nguvu, na hapo ndipo vidole hupotea.

Siku hiyo zilibana. Ubao ukakwama katikati. Bakari akauegemea, ghafla ukafyatuka, na mkono wake ukapita karibu na meno ya msumeno hata akahisi upepo wake. Akazima mashine, akaketi kwenye unga wa mbao.

"Nani amezigusa reli hizi?"

"Mimi," alisema Ishaka, fundi mwenzake. "Nilizipaka mafuta ya nazi jana. Nilikuonea huruma, wallahi. Wasukuma kama mtu anayetoa punda topeni."

"Mafuta ya nazi kampake mkeo nywele! Mti wenyewe mvule mbichi, umekunywa mvua, nawe wauzidishia kinywaji?"

"Mbona bawaba nazipaka hazivimbi?"

"Bawaba ni chuma, Ishaka."

Angeweza kuzipiga randa, kama kila masika. Lakini kaskazi ikija zingekauka na kulegea, arudi kule kule. Hakuwa na nguvu ya kurudi kule. Alitaka mti uliokauka hasa, na alijua ulipo: kipande cha mbambakofi juu ya uchaga wa jikoni kwake, kikifukizwa moshi kwa miaka. Kwa kipande hicho alikuwa amemwahidi mkewe, Dhahabu, kumchongea mbuzi ya kukunia nazi.

Jioni alisimama mlangoni mwa jiko, macho uchagani.

"Mbona watazama juu?" Dhahabu akauliza. "Hiyo ni mbuzi yangu, Babake Suad."

Akamsimulia. Dhahabu akaushika mkono wake, akavigeuza vidole kimoja kimoja kama anayechagua dagaa.

"Uteremshe mti huo," alisema. "Mimi nitazidi kuazima mbuzi kwa Mwanarehema, na umbeya wake juu."

Asubuhi Bakari alikichana kile kipande, akakipiga randa kidogo kidogo, akijaribu mferejini kila mara, hadi reli zikaingia bila kubana wala kucheza. Akazisugua kwa mshumaa. Ubao ukaenda kwa kuguswa tu.

"Hebu nijaribu," Ishaka akasema.

"Kwanza kanawe mikono."

Kipande kilichobaki kilikuwa kifupi, hakitoshi kuwa mbuzi ya mtu kukalia. Alikitia kikapuni hata hivyo, akashika njia ya nyumbani polepole.