Rehani kwenye Wodi ya Wazazi

Asubuhi ile nilitoka mtaa wa Mutanga Nord na mfuko mmoja, bila kujua nitalala wapi. Mama niliyekuwa nikimfulia nguo alikuwa amepata msichana wa bei rahisi zaidi, nami si mtu wa kubembeleza. Shule nilishaiacha zamani, na miguu yangu ilipenda kwenda palipo na jambo. Siku hiyo jambo lilikuwa Rohero, mtaa wa wakubwa. Redio ilisema wageni wamekuja kuzungumza na serikali juu ya madeni ya nchi, kwamba vita vinaelekea kwisha na sasa tutasaidiwa. Nilitaka kuwaona watu wanaoweza kuisaidia nchi nzima.

Mtaani kwetu bomba lilikuwa kavu, lakini Rohero lori lilikuwa likimwaga maji barabarani ili vumbi lisiwaguse wageni. Magari yao yakapita, vioo vimefungwa. Sikuona hata uso mmoja.

Kando yangu alisimama mama mmoja wa Kongo niliyemfahamu kwa sura, muuza ndagala, dagaa wa ziwani, pale sokoni. Hakuwa na beseni kichwani. Kwapani alikuwa na kitenge kipya.

"Yaya, leo hauuzi?" nikamuuliza, kama tunavyomwita dada mkubwa.

"Leo mama yetu anazikwa. Naenda kutoa mudogo wangu ku hospitali, tuko wawili tu."

Mdogo wake alikuwa amejifungua kwa kupasuliwa. Kidonda kilishapona, lakini hakuwa amelipa, na miaka ile asiyelipa hatoki. Walimnyang'anya kitanda wakamweka katika chumba cha nyuma pamoja na wenzake wasiolipa, na zamu, mlinzi wao, mlangoni.

"Umepata pesa?" nikauliza.

"Pesa ya nini? We hausikii redio? Deni ya serikali, watu wa inje wanaisamehe. Na hospitali ni ya nani? Si ya serikali?"

Nilitafuta kosa katika hesabu hiyo nisilione. Mpaka leo sijaliona. Nikamfuata.

Kumbe chumba kizima kilikuwa kimesikia redio ileile. Tuliwakuta wanawake wamefunga mizigo, watoto mgongoni, wamepanga mstari kama watu wanaongoja basi.

"Wageni wanakawia," mmoja akasema. "Pengine wanakula kwanza."

Zamu alicheka hadi akakohoa. "Bamama, mukae tu chini. Ile pesa iko na njia yake. Haipitie huku."

Mhasibu akaja, shati limenyooshwa, akaanza kwa Kifaransa, kisha akashuka hadi Kiswahili. Msaada ni kwa madeni ya nchi, alisema. Ya kwenu ni ya kwenu. Tena hao wanaosaidia ndio wanaotaka kila hospitali ikusanye pesa zake yenyewe.

Mizigo ikafunguliwa. Mimi nilitamani kupiga kelele. Nchi ikishindwa kulipa, inamwagiwa barabara maji, inakaribishwa mezani, inaongezewa muda. Mwanamke aliyepasuliwa tumbo akishindwa kulipa, anakalishwa kwenye saruji. Na wote wawili wamefilisiwa na vita ambavyo mwanamke huyu hakuvianzisha.

Mdogo wa muuza ndagala hakufungua mzigo wake. Alipiga magoti mbele ya mhasibu. "Niache nizike mama yangu tu. Nitarudi."

Ilikuwa desturi pale: anayetoka kwa shida anaacha mtu rehani.

"Aache mutoto," mhasibu akasema.

"Mutoto ananyonya!" muuza ndagala akafoka. "We ulizaliwa na mutu, ama na mashini ya kuhesabu?"

Chumba kikalipuka kwa kicheko. Mhasibu akaona haya, akatazama viatu vyake. "Basi abaki mutu mukubwa."

Dada wawili wakatazamana. Mmoja akibaki, mama atazikwa na mtoto mmoja tu. Na mimi nilikuwa nimesimama pale na mfuko wangu, bila pa kwenda.

"Nitabaki mimi," nikasema.

"We ni nani yake?"

"Dada yake."

Hata jina lake sikulijua. Mhasibu alijua kwamba nadanganya, lakini akachukua kitambulisho changu akaondoka nacho. Yule mdogo mtu akajifunga kitenge kipya alicholetewa, akamweka mtoto mgongoni, akapita mlangoni bila kuniaga, haraka, kama mtu anayeogopa kuitwa arudi. Muuza ndagala alinishika mkono tu, akakimbia kumfuata.

Wengine huniuliza kama sikuogopa kwamba hatarudi. Ningekuwa yeye, nisingerudi.

Zamu alifunga mlango. Mwanamke mmoja akasogeza mzigo wake.

"Kuja huku, dada, pale kunavuja. Unakoromaka?"

"Sijui. Sijawahi kuambiwa."

"Leo tutakuambia."

Nikautandika mkeka ulioachwa, ungali na harufu ya maziwa, nikaweka mfuko chini ya kichwa.