Nduru Niliyomkataza Mama

Kuna kitenzi cha Kiingereza ambacho kila mwaka natamani kukiruka nikifundisha kidato cha tatu: comport. Maana yake ni kujiweka kwa heshima mbele za watu. Huambiwi hivyo ukila ugali jikoni kwako. Huambiwa mtu mzima, mahali rasmi. Mfano wa kitabuni ni wa mgeni harusini. Mfano wangu ni mama yangu, nao siutoi darasani.

Mama alikaanga na kuuza mgongo wazi mtaani Obunga, ile mifupa na vichwa vya samaki aina ya mbuta vinavyobaki viwanda vikishachukua minofu. Leso zake zote zilinuka moshi. Baba alipofariki, tulimtoa mochari ya mjini tukampeleka nyumbani, kando ya ziwa. Walimu wenzangu walitusindikiza, mkuu wa shule na tai yake. Nilianza kuona aibu kabla hata ya kufika.

Kwetu, jeneza likifika langoni mjane ndiye hutangulia kupiga nduru. Ndivyo anavyomkaribisha mumewe nyumbani mara ya mwisho. Mimi, kwa ujinga wa msomi, nikamshika mkono.

"Mama, wageni wangu wako hapa. Tafadhali, comport yourself. Usipige nduru."

"Hiyo ni kusema nini, nyathina, mwanangu?"

"Ni kujibeba kama mtu wa maana."

Alinitazama kidogo. "Haya, mwalimu." Hakuwa amewahi kuniita hivyo.

Langoni watu walimngoja alie. Alipita kimya, ameuma pindo la leso. Shangazi, dadake baba, akasema kwa sauti, "Kumbe huyu alikuwa anangoja tu aachwe peke yake!" Maneno hayo hayakurudi tena mdomoni. Mpaka uzeeni Mama aliitwa mke asiyempenda mumewe, na hakuwaambia ni mimi niliyemnyamazisha. Mimi pia sikusema. Niliogopa, na bado naona haya kuandika hivyo.

Mwaka huu tulimzika Mama. Nilitangulia langoni nimpigie nduru yake, na ile ya Baba niliyomnyima. Nilifungua mdomo, sauti ikakataa.

Shangazi, sasa na mkongojo, akawaambia watu, "Muacheni. Hata mamake hakulia."

Hapo ningeweza kusema ukweli. Watu wote walikuwa wananitazama. Nikanyoosha nguo yangu, nikajibeba vizuri, nikapita.