Injini ya Silinda Tano Iliyokataa Kupata Moto

"Linakunywa mafuta, Mwishehe! Linakunywa kama mjomba kwenye harusi ya bure, halafu unaniambia ndiyo tabia yake!"

Tupokigwe alikuwa amesimama katikati ya gereji, kanga kaifunga kiunoni juu ya gauni, mwiko bado mkononi. Alikuwa amevuka barabara kutoka uani kwake vilevile, ameacha maji ya pilau yanachemka. Mwishehe, fundi wa siku zote hapo Tabata, hakutoa hata kichwa chini ya boneti. Injini ilikuwa ikiunguruma.

"Mama Lulu, hili lina silinda tano. La mwenzio lina nne. Huo mdomo wa tano unalishwa na nani?"

"Lilikuwaga na tano hizohizo mwaka juzi, na halikunila hivi. Au imezaliwa nyingine?"

"Tena moja imekufa. Sikiliza linavyomisi, linavyoruka pigo moja."

"Linamisi, linamisi! Kila fundi wa mji huu kaliinamia kasema linamisi. Mmebadilisha plagi, mmebadilisha koili, mlio ni uleule. Mie nimechoka. Dalali anakuja alasiri, namwachia aende nalo."

Hapo kichwa kikatoka. "Utauza kweli?"

Tupokigwe akaenda hadi barabarani, akaangalia huku na huku, akarudi. Tangu asubuhi alikuwa hakai. Akigusa kitunguu anakumbuka gari, akigusa gari anakumbuka kitunguu.

Kazi yake ilikuwa kupikia sherehe. Alikuja mjini kutoka Tukuyu akaanza na maandazi ya barazani, sasa hakuna kamati ya harusi Segerea isiyojua namba yake. Gari alilinunua kwa Mzungu mmoja wa Mikocheni aliyekuwa anarudi kwao. Lilikuwa refu, kiti cha nyuma kikilazwa linameza masufuria yote na mkaa juu. Kabla ya hapo alikuwa mtu wa kukodi kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, na dereva wa kirikuu humjui mpaka siku bwana harusi ameshaingia ukumbini na wali wako bado uko njiani. Kuliuza ni kurudi huko. Kubaki nalo ni kumpikia mwenye kituo cha mafuta, maana sherehe ya mwisho ya Goba faida yote iliishia kwenye tangi.

Na injini yenyewe haikuwa mbaya. Ilikuwa imeshapita kilomita laki tatu, na mtu ukiibadilishia oili kwa wakati na mkanda wa taiming usiusubiri ukatike, haina makuu. Shida ilikuwa masikio ya watu. Injini ya silinda nne hupokezana sawasawa, moja ikimaliza kusukuma ndipo nyingine inaanza. Ya silinda tano ni kama wanawake kwenye kinu kimoja: mchi wa huyu haujafika chini, wa yule umeshaanza kushuka. Zinapandiana. Ndiyo maana ule mngurumo wake una kijikilema, na fundi aliyekulia kwenye silinda nne akiusikia tu anakimbilia kufungua plagi.

Tupokigwe akafungua mlango wa dereva, akaketi, akainuka, akaketi tena. Macho yakaangukia dashibodi.

"Fundi, huu mshale wa joto mbona umelala?"

"Ushukuru umelala. Ukisimama ndiyo ulie."

"Limewaka muda wote huu, na maji hayajapata moto?"

"Si ndiyo vizuri?"

"Vizuri kwa nani? Sufuria ikikaa jikoni muda huu wote bila kuchemka, mie siongezi mkaa. Natazama kifuniko." Akatoka garini, mwiko mbele. "Kifuniko cha humu umekipeleka wapi?"

Mwishehe akazima injini. Akajifuta mikono kwa tambara, kidole kimoja kimoja.

"Themostati nilitoa. Siku ile bomba la maji lilipopasuka Buguruni. Huku kwetu joto, ya nini? Wote tunatoaga."

Hicho ni kidude kidogo cha kuzuia maji yasikimbilie kwenye rejeta kupozwa mpaka injini ipate moto wake. Kikitoka, maji yanazunguka yakiwa baridi kutwa. Kompyuta ya gari inadhani limewashwa sasa hivi, inamwaga mafuta mengi kama ya kuliwasha alfajiri hata saa saba mchana. Plagi zinapakwa masizi, na hapo sasa linaanza kumisi kweli, juu ya ule mlio wake wa kuzaliwa.

"Kitu changu kiko wapi?"

Akamwonyesha ndoo ya rangi chini ya meza. Tupokigwe akachungulia. Ilikuwa imejaa themostati hadi juu.

"Mungu wangu! Za nani hizi?"

"Za mtaa."

Yake ilikuwa na umbo lake, haikufanana na za wenzake. Mwishehe akasema huenda imekufa, ajaribu kwanza kwenye maji ya moto. Wakavuka barabara, kidude kikatumbukia kwenye sufuria dogo la chai, Tupokigwe akilia kwamba hatalitumia tena. Maji yalipotokota, kikafumbuka polepole. Akakitoa kwa mwiko, kikapoa, kikafumba.

"Kizima," akasema Mwishehe kwa sauti ndogo.

"Kilikuwa kizima siku zote. Bomba limepasuka, wewe ukamfunga jirani yake."

Wakarudi gereji, Mwishehe akakifunga, akajaza maji, akasugua masizi ya plagi zote, akawasha. Mshale ukaanza kupanda. Ulipofika katikati ukatulia. Tetemeko la usukani likaisha, mngurumo ukabaki.

Edgar, yule dalali, alishuka kwenye pikipiki wakiwa wanausikiliza. Hakusalimia vizuri. Akainamisha sikio.

"Dada, hili linamisi. Silinda moja hamna. Ile bei niliyokutajia sahau."

"Halimisi," akasema Mwishehe, kabla Tupokigwe hajafungua mdomo. "Ndivyo linavyoongea."

Tupokigwe akautazama mshale, akamtazama dalali. Litapunguza kunywa mafuta? Hakujua. Hilo litasemwa na safari, si na fundi.

"Kaka Edgar, nisamehe usumbufu. Jumamosi nina harusi Goba, na masufuria hayatembei."

Edgar akaondoka akinung'unika. Tupokigwe naye akageuka kuwahi jiko lake, kisha akasimama. Yeye na Mwishehe hawakuwa wakilipana pesa, walilipana kwa sinia la chakula. Na lile la kazi ya Buguruni alikuwa hajalitoa, mwaka wa pili sasa, kwa hasira za mafuta.

"Sinia lako la Buguruni nitakuletea jioni."

Mwishehe akaifunga boneti taratibu.

"Acha, Mama Lulu. Lile siyo langu tena. Nile pilau ya watu kwa kazi ile?"

"Basi la leo."

"La leo lete. Na nyama usinibanie."